Pampu ya Pikipiki kwenye Tangi la Gari la Kujiundia: Somo kwa Mafundi na Wanagenzi

Fundi anayeunda gari dogo na kulitia injini ya pikipiki hutumia miezi kwenye fremu, usukani na breki. Kazi ya petroli huachwa mwisho na mara nyingi hudhaniwa kuwa nyepesi: pampu inatolewa kwenye tangi la pikipiki, tundu linakatwa kwenye tangi la gari, boliti zinakazwa, injini inawaka. Shida hujitokeza baadaye. Gari linakohoa kila linapopiga kona. Pampu inakufa kabla ya wakati wake. Na pale ambapo tangi kuukuu limepelekwa kuchomelewa, mtu anaweza kupoteza maisha.

Mafunzo ya ufundi katika vyuo vya mashinani na huduma za zimamoto zote ni majukumu ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Somo hili linagusa yote mawili. Linaeleza jinsi pampu ya pikipiki inavyofanya kazi, kwa nini tangi la gari huisumbua, na utaratibu wa kuifunga bila kuhatarisha fundi, dereva wala majirani wa karakana.

GARI LA KUJIUNDIA NI GANI?

Ni gari ambalo mwenyewe hupata fremu na bodi, kisha huunganisha injini, gia, magurudumu na vifaa vingine kwa mikono yake au kwa msaada wa fundi. Uingereza ndiko desturi hii ilikota mizizi. Gari dogo la Lotus Seven, lililoanza kuuzwa mwaka wa 1957, lilipatikana kwa vipande ili mnunuzi aliunganishe nyumbani. Kampuni ya Caterham ilichukua haki za kulitengeneza mwaka wa 1973. Baadaye waundaji wengi wa magari ya aina hiyo walianza kutumia injini za pikipiki kubwa kama Suzuki Hayabusa na Yamaha R1, kwa sababu ni nyepesi na zina nguvu nyingi.

Kanuni ni zile zile hata pale ambapo fremu imechomelewa kwa mabomba ya chuma katika karakana ya jua kali na injini imetoka kwa pikipiki ndogo. Petroli haijui gari limeundwa wapi.

KWANZA, AINA YA PAMPU

Pikipiki nyingi za boda boda zenye kabureta hazina pampu kabisa. Tangi liko juu ya injini, na petroli hushuka kwa uzito wake. Injini hiyo ikihamishiwa kwenye gari ambalo tangi lake liko nyuma na chini, petroli haiwezi tena kushuka. Ni lazima isukumwe. Hapo ndipo pampu inapohitajika.

Pampu za pikipiki ziko za aina mbili, na kuzichanganya ni hatari.

Ya kwanza ni pampu ya presha ndogo, inayolisha kabureta. Kwa kawaida hutoa presha ya psi 2 hadi 4. Ya pili ni pampu ya presha kubwa, inayolisha injini yenye injekta. Hiyo hutoa takriban psi 43, sawa na baa 3. Kwa kulinganisha, tairi la gari dogo hujazwa psi 30 hadi 35.

Pampu ya injekta ikifungwa kwenye kabureta, sindano ndogo inayozuia petroli ndani ya kabureta hushindwa. Petroli hufurika, humwagika juu ya injini yenye moto, na gari huwaka. Pampu ya kabureta nayo ikifungwa kwenye injini ya injekta, injini haitawaka au itakosa nguvu.

Jina la pikipiki pekee halitoshi kuamua. Yamaha R1 za kuanzia 1998 hadi 2001 zilitumia kabureta. Kuanzia modeli ya 2002 zilitumia injekta. Anayenunua pampu sokoni kwa kutaja jina tu anaweza kupewa isiyofaa. Njia ya hakika ni kuchukua injini, pampu na kompyuta ya injini kutoka kwa pikipiki moja.

Pampu ikitoka kwingine, fundi apige hesabu kwanza. Injini ya petroli yenye nguvu ya kilowati 100 hunywa takriban lita 40 kwa saa inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Pampu yake iweze kutoa zaidi ya kiasi hicho ikiwa katika presha ya kazi, si ikiwa inamwaga tu kwenye ndoo bila kizuizi.

TANGI LA PIKIPIKI SI TANGI LA GARI

Hili ndilo jambo ambalo mafundi wengi hulikosa. Tangi la pikipiki ni refu kwenda juu, na pampu hufungwa kwenye sakafu yake, mahali ambapo petroli hukusanyika. Pikipiki inapokata kona hulala upande. Kwa hiyo nguvu ya kona na uzito wa petroli, zikiunganishwa, huendelea kuielekeza petroli chini ya tangi. Chupa ya maji iliyofungwa wima kwenye pikipiki huonyesha jambo hilo: pikipiki inapolala kwenye kona, maji hubaki yametulia sambamba na kitako cha chupa.

Gari halilali. Tangi lake nalo ni pana na fupi ili litoshee chini ya bodi. Gari linapokata kona, petroli yote hukimbilia ukuta wa upande wa nje.

Mfano wa hesabu unasaidia. Gari linapozunguka raundabauti yenye nusu kipenyo ya mita 25 kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kila kilichomo husukumwa nje kwa nguvu inayokaribia nusu ya uzito wake. Ikiwa tangi lina upana wa sentimita 60 na petroli iliyobaki ina kina cha sentimita 5, petroli hiyo itapanda kwenye ukuta mmoja hadi takriban sentimita 17, na upande wa pili sentimita 25 za sakafu zitabaki kavu. Pampu iliyo upande huo itavuta hewa. Injini itakatika katikati ya kona, gari likiwa katikati ya magari mengine.

PAMPU HUSUKUMA, HAIVUTI

Pampu ya umeme ya petroli ni hodari wa kusukuma lakini ni dhaifu sana wa kuvuta. Inataka kuzama ndani ya petroli au kuwa chini yake. Ikifungwa juu ya tangi na kutarajiwa kuvuta petroli kutoka chini, itahangaika, hasa siku ya joto ambapo petroli hugeuka mvuke upesi.

Zaidi ya hayo, petroli ndiyo inayoipoza na kuilainisha pampu. Mota yake imo ndani ya mkondo wa petroli. Inapovuta hewa mara kwa mara, joto hupanda na vipande vyake vya ndani husagika. Ndiyo maana pampu ya gari linalokohoa kwenye kona haimalizi muda wake. Kununua nyingine hakutaponya ugonjwa, kwa sababu ugonjwa uko kwenye tangi.

NJIA TATU ZA KUIFUNGA

Njia ya kwanza ni kutengeneza tangi jipya lenye sakafu inayoteremka hadi kwenye shimo dogo, na kuifunga pampu chini yake ikisimama kama ilivyosimama kwenye pikipiki. Ndani ya tangi huwekwa kisanduku kinachoizunguka pampu, chenye vibamba vya mlango vinavyofunguka kuelekea ndani tu. Petroli huingia kisandukuni kwa urahisi lakini haitoki upesi wakati wa kona. Njia hii ni nzuri, ila tundu liko chini: gaskiti ikivuja, petroli yote itamwagika. Lazima pia pampu ikingwe na mawe na matuta.

Njia ya pili ni kuining'iniza pampu kutoka juu ya tangi. Uvujaji hupungua, lakini pampu ya pikipiki iliyoundwa kuingia kutoka chini haiwezi kupinduliwa hivi hivi. Mdomo wake wa kunywea utakuwa mbali na sakafu, na petroli ya chini haitafikiwa. Fundi hulazimika kubadilisha kishikio chake na kutumia mpira wa ndani unaostahimili kuzama kwenye petroli. Ni kazi ya fundi mwenye uzoefu.

Njia ya tatu ni kutumia kitangi kidogo cha kando, chenye ujazo wa lita 2 hivi, kirefu na chembamba. Pampu ya presha ndogo hutoa petroli kwenye tangi kubwa na kukijaza kitangi hicho wakati wote. Pampu ya pikipiki hukaa ndani yake ikiwa imezama, na petroli inayozidi hurudi juu ya tangi kubwa kwa mpira mwingine. Hata pampu ndogo ikivuta hewa kwa sekunde kadhaa kwenye kona, kitangi bado kina akiba. Kwa gari lenye tangi pana ambalo tayari lipo, hii ndiyo njia inayofaa zaidi, kwa sababu tangi kubwa halihitaji kukatwa kwa ajili ya pampu.

TANGI LILILOWAHI KUTIWA PETROLI HALICHOMELEWI

Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa. Petroli yenyewe haiungui ikiwa maji maji. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Mchanganyiko hulipuka mvuke unapofika takriban asilimia 1.4 ya hewa iliyomo. Katika tangi la lita 20, kiasi hicho hutokana na mililita 2 hivi za petroli, pungufu ya nusu ya kijiko cha chai. Petroli kidogo hivyo hujificha kwenye mshono, kwenye kutu au kwenye tope la chini bila kuonekana. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi kali, kwa hiyo asubuhi ya baridi si kinga.

Kusuuza tangi kwa maji au sabuni kisha kuliacha juani si ithibati kwamba liko salama. Wala harufu si kipimo. Kuchomelea, kukata kwa diski na hata kutoboa kwa mashine ya umeme inayotoa cheche kunaweza kulilipua.

Kanuni ya karakana ni moja: pete ya kufungia pampu huchomelewa kwenye tangi jipya ambalo halijawahi kuguswa na petroli. Tangi kuukuu lenye hitilafu hubadilishwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na kujaa kwenye mashimo, na unaweza kufuata sakafu hadi kwenye jiko la mkaa au mashine ya kuchomelea ya jirani.

UTARATIBU WA KAZI

1. Kazi ifanyike mahali penye hewa ya kutosha, mbali na moto, sigara na mashine za kuchomelea. Mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu au povu uwe karibu. Maji hayafai, kwa sababu petroli huelea juu yake na moto husambaa.

2. Kabla ya kutoa pampu kwenye pikipiki, presha iliyomo kwenye mpira ipunguzwe na waya wa hasi wa betri utolewe. Mpira ukifunguliwa na presha yake, petroli hurushwa usoni.

3. Pete ya kufungia pampu iwe bapa kabisa na nene kiasi cha kushika nyuzi za boliti. Matundu ya boliti yasipenye hadi ndani ya tangi, la sivyo petroli itapanda kwenye nyuzi na kuvuja polepole.

4. Baada ya kuchomelea, tangi jipya lisafishwe chembe zote za chuma. Chujio la pampu ni dogo, na chembe chache hutosha kuliziba.

5. Gaskiti iwe mpya. Ya zamani huwa imelala na kupoteza umbo lake. Boliti zikazwe kwa mkingamo, kidogo kidogo, hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Gundi ya gaskiti ya kawaida isitumike. Nyingi huyeyuka kwenye petroli na vipande vyake huziba chujio.

6. Tangi lijaribiwe kabla ya kutiwa petroli. Matundu yote yazibwe, hewa iingizwe kwa presha ya baa 0.1 tu, na povu la sabuni lipakwe kwenye mishono. Hata kwa presha hiyo ndogo, ukuta wa sentimita 60 kwa 30 husukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 180 hivi. Hewa ya kompresa isiingizwe moja kwa moja, italipasua tangi.

7. Mipira iwe ya petroli na ya presha inayohitajika. Kwa injini ya injekta, mpira ulioandikwa SAE J30 R9 unafaa nje ya tangi. Unaozama ndani uwe ulioandikwa R10. Mpira wa kawaida ukizama huvimba na kulainika. Klipu ziwe zile zinazobana mzunguko wote bila kukata mpira. Mpira usipite karibu na bomba la moshi.

8. Tangi liwe na pumuo lenye vali inayofunga gari likipinduka. Bila pumuo, petroli inapopungua tangi hunyonya ndani na pampu hukosa petroli. Mdomo wa pumuo uelekezwe nje ya gari, mbali na abiria. Kati ya tangi na abiria pawe na ukuta wa chuma.

UMEME WA PAMPU

Pampu isiunganishwe moja kwa moja na swichi ya ufunguo. Ajali ikitokea na mpira ukakatika, pampu ya namna hiyo itaendelea kumwaga petroli kwenye moto hadi tangi liishe.

Kwenye pikipiki ya injekta, kompyuta ya injini ndiyo inayoamuru pampu kupitia rilei. Ufunguo ukiwashwa, pampu huvuma kwa sekunde mbili au tatu kisha hunyamaza. Huendelea tu injini inapozunguka. Mpango huo uhamishiwe kwenye gari kama ulivyo. Fyuzi iwekwe karibu na betri, na ukubwa wake ufuate mchoro wa umeme wa pikipiki. Kwa kuwa waya wa gari ni mrefu kuliko wa pikipiki, uwe mnene zaidi. Volti zikipungua njiani, pampu hulegea na presha hushuka.

Pikipiki pia huwa na kitambuzi kinachozima injini ikianguka. Kwenye gari, kitambuzi hicho kifungwe kikiwa kimesimama na kuelekea kama kilivyokuwa kwenye pikipiki. Hata hivyo hakitatambua gari likigonga kwa mbele. Kwa hiyo iongezwe swichi ya kukata petroli wakati wa mgongano, kama ile iliyowekwa kwenye magari mengi ya Ford na Land Rover. Mwisho, tangi la chuma liunganishwe na fremu kwa waya wa athi, ili umeme tuli usitoe cheche wakati wa kujaza petroli.

KABLA YA KUINGIA BARABARANI

Jaribio la kwanza lifanywe injini ikiwa haijawashwa. Ufunguo ugeuzwe na mtu mmoja huku mwingine akikagua kila kiungo kwa tochi. Pampu isiponyamaza baada ya sekunde chache, waya umeunganishwa vibaya. Kisha kipimo cha presha kifungwe na injini iwashwe. Kisomo kilingane na cha kitabu cha pikipiki. Mwisho, gari liendeshwe kwenye uwanja wazi likiwa na petroli kidogo tangini, likizunguka kulia na kushoto. Injini ikikohoa upande mmoja, tangi halijatengenezwa sawasawa, na hakuna haja ya kulaumu pampu.

Gari lililoundwa au kubadilishwa haliruhusiwi barabarani kabla ya kukaguliwa na kusajiliwa. Jukumu hilo ni la Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA. Mwenye gari ahifadhi risiti za injini na vipuri vyote, kwani ndizo zinazothibitisha asili ya vifaa hivyo. Wakazi wanaotaka kujifunza kazi hii kwa vitendo wanaweza kuuliza kuhusu masomo ya umekanika na uchomeleaji katika chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu nao. Moto ukitokea, watu waondoke kwanza, kisha msaada uitwe kwa nambari 999 au 112.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Fundi amefunga pampu ya psi 43 kwenye injini yenye kabureta. Nini kitatokea?
2. Kwa nini petroli haikimbilii upande mmoja pikipiki inapokata kona, ilhali hukimbia ndani ya gari?
3. Mteja ameleta tangi kuukuu, limeoshwa kwa sabuni na kukauka. Anataka lichomelewe pete ya pampu. Fundi amjibu nini?
4. Pampu inaendelea kuvuma dakika nzima baada ya ufunguo kuwashwa, injini ikiwa imezimwa. Kasoro iko wapi?

Majibu: (1) Kabureta itafurika na petroli kumwagika juu ya injini, gari linaweza kushika moto. (2) Pikipiki hulala pamoja na kona, kwa hiyo nguvu zote huelekea sakafu ya tangi, gari halilali. (3) Amkatalie na kumshauri atumie tangi jipya. Mililita 2 za petroli zilizojificha zatosha kulipua tangi la lita 20. (4) Pampu haiamriwi na kompyuta ya injini. Imeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ufunguo, au rilei yake imeganda. Gari lisiendeshwe hadi kasoro hiyo irekebishwe.